Mshahara wa Nesi: Albertina Sisulu na Uuguzi wa Waafrika Johannesburg

Mwaka 2018 Afrika Kusini iliadhimisha miaka 100 ya kuzaliwa kwa watu wawili. Nelson Mandela alizaliwa Julai 18, 1918. Albertina Sisulu alizaliwa Oktoba 21 mwaka huohuo. Nje ya nchi yao, maadhimisho ya Mandela yalijaza magazeti, ya Mama Sisulu yakapita bila wengi kuyasikia. Wanaomfahamu, mara nyingi wanamfahamu kama mke wa Walter Sisulu, Katibu Mkuu wa chama cha ukombozi cha ANC, aliyefungwa maisha pamoja na Mandela. Lakini Mama Sisulu alikuwa nesi na mkunga kwa karibu nusu karne, na ni kazi hiyo iliyolisha nyumba ambayo ANC ilikuwa ikikutania.

Makala hii inamkumbuka yeye pamoja na taasisi iliyomfunza: uuguzi wa Waafrika mjini Johannesburg, tangu wodi za kibaguzi za miaka ya 1940 hadi hospitali kubwa ya Baragwanath na kliniki za vichochoroni Soweto. Haiwezekani kuandika historia moja bila ya nyingine. Na zikiwekwa pamoja, zinaeleza jambo ambalo vitabu vya ukombozi hulipita haraka: kwamba harakati zile, miaka nenda miaka rudi, ziliegemea mshahara wa nesi.

Kabla ya Johannesburg

Uuguzi wa kisasa wa Waafrika huko kusini ulianzia misheni. Katika Hospitali ya Victoria iliyokuwa Lovedale, Rasi ya Mashariki, wasichana wa Kiafrika walianza kufunzwa uuguzi mwanzoni mwa karne ya 20. Mmoja wao, Cecilia Makiwane, alifaulu mtihani wa serikali na kusajiliwa Januari 1908. Ndiye Mwafrika wa kwanza kusajiliwa kuwa muuguzi nchini humo. Anatajwa pia miongoni mwa wanawake waliounga mkono ombi la mwaka 1912 la kupinga wanawake kubeba pasi, hati ya serikali ya kudhibiti nyendo za Waafrika. Kwa hiyo uuguzi na siasa ya pasi vilikuwa jirani tangu siku za mwanzo.

Kwa msichana Mwafrika aliyesoma, njia za kupata mshahara wa heshima zilikuwa mbili tu: ualimu na uuguzi. Uuguzi ulikuwa na faida moja ambayo ualimu haukuwa nayo. Mwanafunzi wa uuguzi alilipwa huku akijifunza. Faida hiyo ndogo ndiyo iliyomleta Albertina, binti wa Transkei, Johannesburg.

Jina lake la nyumbani lilikuwa Nontsikelelo Thethiwe. Alizaliwa kijiji cha Camama, wilaya ya Tsomo, mama yake akiwa amedhoofishwa na homa kubwa ya mafua ya mwaka ule wa 1918. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa migodini, naye alifariki watoto wakiwa bado wadogo. Nontsikelelo akawa mlezi kabla ya kuwa mtu mzima: alibeba wadogo zake mgongoni, akaacha shule mara kwa mara ili kuwatunza, na akaapa kwamba hataolewa mpaka wasome. Jina la Albertina alilichukua shule ya misheni, ambako kila mtoto alitakiwa kuwa na jina la Kizungu.

Baadaye alipata nafasi katika shule ya Kikatoliki ya Mariazell, akabatizwa, na akataka kuwa mtawa. Padri Bernard Huss alimweleza bila kuficha kwamba mtawa halipwi mshahara, na familia yake ilikuwa ikimtegemea. Akamshauri aende uuguzi. Januari 1940 akapanda treni kwenda Johannesburg.

Wodi ya wasio Wazungu

Hospitali Kuu ya Johannesburg ilikuwa juu ya kilima cha Hillbrow tangu mwaka 1890. Ilianzia kwenye kambi ya wachimba dhahabu, na wauguzi wake wa awali walikuwa masista wa Kikatoliki wa Familia Takatifu. Mji ulipotajirika, hospitali nayo ilikua, ila ilikua kwa kugawanywa. Upande mmoja ulikuwa wa Wazungu. Upande wa pili uliitwa rasmi Hospitali ya Wasio Wazungu. Wagonjwa waligawanywa, wauguzi wakagawanywa, mabweni na vyumba vya chakula vivyo hivyo. Muuguzi Mwafrika, hata awe na uzoefu wa miaka mingapi, alikuwa chini ya Mzungu aliyeajiriwa jana.

Mara tu baada ya kuanza mafunzo, Albertina aliona jambo ambalo alilisimulia hadi uzeeni. Ajali kubwa ilileta majeruhi wengi Waafrika kwa wakati mmoja. Vitanda vya upande wao vikajaa. Upande wa Wazungu vitanda vilikuwa vitupu, na wauguzi wakaomba majeruhi wapelekwe huko. Wakubwa wakakataa. Watu waliovunjika mifupa wakalazwa sakafuni, damu ikitiririka chini, na wanafunzi wa uuguzi wakapiga magoti kati ya miili kuwafunga vidonda. Albertina alikuwa hajasikia bado habari za chama chochote. Somo lake la kwanza la siasa alilipata pale, juu ya sakafu ya hospitali.

La pili lilikuja mwaka 1941. Mama yake alifariki Transkei, na hospitali ikamkatalia ruhusa ya kwenda kumzika. Kanuni ni kanuni. Mwanafunzi akaendelea na zamu.

Lakini taasisi haiundwi na kanuni zake tu. Bweni la wauguzi lilikuwa mahali pa kukutanisha watu. Mwenzake mmoja alikuwa Evelyn Mase, binti yatima kutoka Transkei, ndugu wa upande wa mama wa kijana aliyeitwa Walter Sisulu. Kupitia urafiki wa bwenini, Albertina akamjua Walter. Kupitia nyumba ya akina Sisulu, Evelyn naye akakutana na mwanafunzi wa sheria, Nelson Mandela. Mwaka 1944 Walter na Albertina walifunga ndoa, Mandela akawa mpambe wa bwana harusi. Miezi michache baadaye Nelson na Evelyn nao wakaoana. Katika karamu ya akina Sisulu, mwanasiasa kijana Anton Lembede alimwonya bibi harusi kwamba anaolewa na mtu ambaye tayari ameoa taifa.

Onyo hilo linanukuliwa sana. Hesabu iliyofuata hainukuliwi. Desemba 1949 Walter alichaguliwa Katibu Mkuu wa ANC, kazi ya kutwa yenye posho ndogo ambayo mara nyingi haikufika. Nani analipa kodi ya nyumba? Nani ananunua unga? Nesi. Nyumbani kwa Mandela, mshahara wa Evelyn ndio uliomsaidia mumewe alipokuwa akisomea sheria. Na mambo hayakuishia hapo: Adelaide Tshukudu, aliyeolewa na Oliver Tambo mwaka 1956, naye alikuwa nesi, na walipokimbilia uhamishoni alilea watoto London kwa zamu za hospitali huku Tambo akizunguka dunia kuitafutia ANC marafiki. Mandela, Sisulu na Tambo: viongozi watatu wa kizazi kimoja, na nyumba zote tatu zilisimama kwa mshahara wa nesi. Hilo haliwezi kuwa bahati tu. Ndilo lililotokea pale uuguzi ulipokuwa mmoja wa milango michache iliyokuwa wazi.

Sanduku kichwani

Aprili 1948 upande wa Waafrika wa Hospitali ya Johannesburg ulihamishiwa Baragwanath, kusini-magharibi mwa mji. Majengo yale yalikuwa hospitali ya jeshi la Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1942 kwa ajili ya askari wa Vita Kuu ya Pili. Vita vilipokwisha, serikali ya jimbo la Transvaal iliyanunua. Hospitali ya raia ilianza na vitanda 480. Mwezi Mei mwaka huohuo chama cha National kilishinda uchaguzi kwa sera ya apartheid, yaani ubaguzi wa rangi, na mji wa Waafrika uliokuwa ukisambaa kuizunguka hospitali ukaja kuitwa Soweto. Leo hospitali hiyo ina jina la Chris Hani Baragwanath, vitanda takriban 3,200, na imo miongoni mwa hospitali kubwa kabisa duniani.

Hata hivyo hospitali kubwa ni nusu tu ya habari. Wanawake wengi wa Soweto walijifungulia nyumbani, na kuwahudumia kulikuwa kazi ya wakunga wa Halmashauri ya Jiji. Mwaka 1954 Albertina alihitimu ukunga na kuajiriwa na Idara ya Afya ya Jiji la Johannesburg. Gari hakupewa. Wakunga walitembea kwa miguu, sanduku la vifaa kichwani: chupa za dawa, mabeseni ya chuma, mkasi, pamba. Walipita vichochoro vya Orlando mchana na usiku, mvua ikinyesha, katika mitaa isiyo na taa.

Aliyewahi kuona uzazi wa nyumbani anajua kazi ilivyo. Mkunga anaingia chumba kimoja chenye familia nzima. Anawatoa watoto nje, anaagiza maji yachemshwe, anatandaza magazeti makuukuu juu ya godoro, anapanga vifaa vyake juu ya meza ya chakula. Hana daktari wa kumwita mlango wa pili. Akiona damu nyingi au mtoto amekaa vibaya, uamuzi ni wake, na gari la wagonjwa huenda lisifike. Mtoto akizaliwa salama, kazi haijaisha: siku zinazofuata atarudi kumwogesha, kukagua kitovu, kumtazama mama homa na maziwa. Kwa njia hiyo mkunga wa mtaa aliijua Soweto nyumba kwa nyumba. Alijua nani ana chakula na nani hana, mume wa nani amekamatwa, mtoto wa nani ana kifua. Mwanasiasa angehitaji miaka kupata kuaminiwa hivyo.

Nyumba yake mwenyewe, namba 7372 Orlando West, ilikuwa na vyumba vichache na watu wengi. Palikuwa na mama mkwe, watoto watano wa kuzaa, watoto wa ndugu aliowalea kama wake, na wageni wa chama ambao hawakuisha. Akitoka zamu, alipika. Fedha ilipopungua, alifuma na kushona.

Rejista na pasi

Agosti 9, 1956 wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi Majengo ya Muungano, Pretoria, kupinga wanawake Waafrika kubebeshwa pasi. Albertina alikuwa mmoja wao. Mwaka uliofuata mapambano yakaingia ndani ya taaluma yake. Sheria ya Uuguzi ya 1957 iligawa rejista ya wauguzi kwa rangi na kuwaachia Wazungu peke yao viti katika baraza la kusimamia taaluma. Kisha wauguzi Waafrika wakatakiwa watoe namba za vitambulisho, na njia ya kupata namba hiyo kwa mwanamke Mwafrika ilikuwa kuchukua pasi. Maana yake ilikuwa wazi: bila pasi, hakuna kazi.

Hapa ndipo taasisi ilipogeuka. Uuguzi wa Waafrika ulikuwa umejengwa kwa nidhamu ya kijeshi na heshima ya misheni: kofia nyeupe, sare iliyopigwa pasi, ukimya mbele ya matroni. Wengi wa wauguzi walijiona tabaka la juu kidogo ya majirani zao, na familia nyingi ziliwalea binti zao kwa ndoto ya kuivaa sare ile. Serikali ilitegemea kwamba watu wa aina hiyo hawatathubutu. Walithubutu. Mwaka 1958 wanawake wa FEDSAW, Shirikisho la Wanawake wa Afrika Kusini, walikwenda hadi Baragwanath kuwaunga mkono wauguzi, na Oktoba mwaka huo mamia kwa mamia ya wanawake walijitoa kukamatwa Johannesburg kwa kupinga pasi. Albertina, mmoja wao, alikaa jela wiki kadhaa, ameacha nyumbani mtoto mchanga ambaye hajafikisha mwaka.

Wauguzi 20 waja Tanganyika

Desemba 9, 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha baadaye hali aliyoirithi: madaktari 12 na wahandisi wawili kwa nchi nzima. Upungufu ukazidi kuwa mkubwa pale wauguzi wengi wa Kiingereza walipofunga mizigo na kurudi kwao kwa kutotaka kufanya kazi chini ya serikali ya Waafrika. Wodi zingebaki na nani?

Ombi lilipelekwa ANC, ambayo tayari ilikuwa na ofisi Dar es Salaam na ilikuwa imepigwa marufuku kwao tangu 1960. Mama Sisulu alikuwa mmoja wa walioifanya kazi ya kuwatafuta wauguzi, na huwezi kumpata mtu aliyefaa zaidi, kwa kuwa alizijua hospitali na aliwajua wasichana. Waliopatikana ni wauguzi 20. Walikuwa na vyeti kamili, kazi na familia. Hawakuwa na pasipoti. Walitoroshwa kupitia Bechuanaland, Botswana ya leo, wakiaga ndugu zao kwa maneno ya uongo au bila kuaga kabisa. Walipofika waligawanywa katika hospitali za serikali na kuanza kazi.

Tuwafikirie kidogo wanawake hao. Muuguzi mgeni hawezi kufanya kazi bila kuuliza "unaumwa wapi?" na kulielewa jibu, kwa hiyo ilibidi wajifunze Kiswahili wodini, mgonjwa akiwa mwalimu. Walidhani watakaa muda mfupi. Nchi yao haikuwa huru hadi 1994. Wapo walioolewa huku na kuzaa huku. Wapo waliozeeka na kuzikwa huku. Watanzania tumezoea kueleza ukombozi wa kusini kama deni tulilowakopesha wenzetu: kambi za Kongwa na Mazimbu, redio, fedha za Kamati ya Ukombozi. Yote ni kweli. Lakini hesabu ya haki iongeze ukurasa huu: kabla hatujawasaidia sana wao, wanawake 20 wa Afrika Kusini walikuja kutuuguza sisi.

Mke wa mfungwa, bibi wa wajukuu

Afrika Kusini nako mambo yaliharibika. Katikati ya 1963 Albertina alikamatwa chini ya sheria mpya iliyoruhusu polisi kumweka mtu kizuizini siku 90 bila mashtaka. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuonja sheria hiyo. Mwanawe Max, kijana wa miaka 17, alikamatwa pia, na alipoachiwa alikwenda uhamishoni. Julai 11 Walter alinaswa katika shamba la Liliesleaf, Rivonia. Juni 1964 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Mwaka huohuo mkewe akapewa amri ya marufuku. Hakuruhusiwa kuhudhuria mikutano, kutoka nje ya eneo lake bila kibali, wala maneno yake kunukuliwa gazetini. Baadaye kikaongezwa kifungo cha nyumbani cha usiku na siku za mapumziko. Amri hizo ziliungwa moja baada ya nyingine hadi 1981, jumla ya miaka 17, na ni watu wachache mno nchini humo waliobanwa mfululizo kwa muda mrefu namna hiyo. Serikali ilimwachia kitu kimoja: kwenda kazini. Yaelekea waliona mkunga hana madhara.

Mshahara wa mkunga ukasomesha watoto. Alikataa kuwapeleka katika shule za "elimu ya Kibantu", mfumo wa kibaguzi wa serikali kwa watoto Waafrika, akawahamishia Swaziland, karo ikitoka kwa jasho lake na kwa wafadhili. Mshahara huohuo ulilipa nauli ya treni hadi Cape Town kumwona mumewe katika gereza la kisiwa cha Robben. Miaka ya mwanzo ilikuwa ziara moja kila miezi sita, kwa kibali, kioo kikiwa kati yao na askari wakisikiliza.

Kisha ikaja zamu ya watoto. Lindiwe alikamatwa 1976 akakaa kizuizini karibu mwaka mzima, naye akakimbia nchi. Zwelakhe, mwandishi wa habari, alifungwa miaka miwili bila mashtaka miaka ya 1980. Wajukuu ambao wazazi wao walikuwa jela au uhamishoni walibaki mikononi mwa bibi. Mwanamke aliyeanza maisha kwa kubeba wadogo zake mgongoni alikuwa sasa, akiwa na miaka zaidi ya 60, anawaamsha wajukuu alfajiri waende shule kabla yeye hajaenda kliniki. Hilo nalo ni sehemu ya historia ya uuguzi barani Afrika. Nesi mzee analea vizazi viwili au vitatu kwa mshahara mmoja, na hakuna ripoti ya wizara inayolihesabu hilo kuwa kazi.

Mke wa mwanawe Max, mwandishi Elinor Sisulu, ndiye aliyeandika maisha ya wazee hao wawili katika kitabu kilichotoka mwaka 2002. Kabla ya hapo alikuwa ameandika kitabu cha watoto kuhusu bibi anayekwenda kupiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 1994. Mfano wa bibi kama huyo hakuhitaji kuutafuta mbali.

Kliniki ya Rockville

Albertina alistaafu Jiji la Johannesburg akiwa na miaka 65. Mwaka huo, 1983, alikuwa mahabusu akishtakiwa kwa kuimba nyimbo za ANC mazishini, na akiwa humohumo jela muungano wa kupinga apartheid wa UDF ulipoundwa mwezi Agosti ukamchagua mmoja wa marais wake watatu. Mwanamke aliyeachiwa kwenda kazini tu alikuwa sasa kiongozi wa upinzani mkubwa kuliko wote nchini.

Alipotoka alihitaji kazi. Aliajiriwa na Dk. Abu Baker Asvat, daktari wa Rockville, Soweto, ambaye watu walimwita daktari wa umma. Aliwatibu maskini waliokosa fedha na kupeleka zahanati ya tela kwenye vibanda na vijiji visivyo na huduma. Asvat alikuwa wa AZAPO, chama kilichoshindana na UDF. Nesi wake alikuwa rais wa UDF. Miaka ile wafuasi wa makundi hayo mawili waliuana mitaani Soweto. Ndani ya kliniki, daktari na nesi walifanya kazi pamoja na kupendana kama mama na mwana. Mama Sisulu alipofungwa au kushtakiwa, kama ilivyotokea tena mwaka 1985 katika kesi ya uhaini ya Pietermaritzburg, mshahara wake haukukatwa.

Januari 27, 1989 watu wawili walikuja wakijifanya wagonjwa, wakampiga Asvat risasi akafa. Mama Sisulu alikuwa humohumo ndani ya kliniki. Alikuwa na umri wa miaka 70. Miezi michache baadaye alipewa pasipoti kwa mara ya kwanza maishani, akaenda Marekani na Uingereza, akazungumza na Rais George Bush na Waziri Mkuu Margaret Thatcher. Oktoba 15 mwaka huohuo Walter alirudi nyumbani baada ya miaka 26.

Mei 9, 1994, katika bunge la kwanza la wote, ni Mama Sisulu aliyesimama kupendekeza jina la Mandela kuwa rais. Alikaa bungeni muhula mmoja, kisha akarudi kwa wajukuu na shughuli za jamii Orlando West. Walter alifariki mikononi mwake Mei 2003. Yeye alifariki Juni 2, 2011, akiwa na miaka 92, nyumbani Johannesburg, akitazama televisheni pamoja na wajukuu. Mazishi yalikuwa ya kitaifa, na rambirambi za Mandela, aliyekuwa mgonjwa, zilisomwa na mkewe Graça Machel.

Kilichobaki

Apartheid ilipokwisha, ukuta kati ya hospitali mbili za Johannesburg nao uliondoka, angalau kwenye sheria. Hospitali Kuu ilikuwa imekwisha kuhamia jengo jipya la Parktown mwaka 1978, na mwaka 2008 ikapewa jina la Charlotte Maxeke, mwanamke aliyekuwa mstari wa mbele katika maandamano ya pasi ya Bloemfontein mwaka 1913. Baragwanath imepewa jina la mpigania uhuru Chris Hani. Hospitali ya Mdantsane, karibu na East London, inaitwa Cecilia Makiwane. Barabara kuu itokayo Pretoria kwenda uwanja wa ndege wa O. R. Tambo inaitwa Albertina Sisulu.

Majina ni mazuri, lakini foleni za Baragwanath bado ni ndefu, na nesi wa Soweto, sawa na wa Temeke au Kisumu, bado anahudumia wagonjwa wengi kuliko uwezo wake na kugawa mshahara mmoja kwa jamaa wengi. Anayetaka kumuenzi Mama Sisulu aanzie hapo: alipe wauguzi vizuri, awape usafiri, na awasikilize wanaposema vitanda vimejaa.

Na kwetu tunaosoma Kiswahili kuna kazi ya ziada. Wauguzi waliofanya kazi katika hospitali za Tanganyika miaka ya 1960, wenyeji na wageni, wanazidi kupungua kila mwaka. Wengi wao leo ni bibi tu wa mtaani, hakuna anayewauliza kitu. Kama yupo mmoja katika ukoo wako au jirani yako, mwulize alifunzwa wapi, alifanya kazi na nani, alilipwa kiasi gani na fedha ile ilikwenda wapi. Andika majibu yake, weka tarehe, hifadhi picha, peleka nakala hospitali aliyoitumikia. Fanya hivyo mwaka huu, angali hai.